Pete ya Vumbi

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimeiona kwa macho yangu. Nilishuka Ngara mjini kutafuta misumari ya bati la kituo, nikapita ofisi moja kugongewa mhuri — ukutani, bango. Kubwa, karatasi ya kung'aa. Picha yangu! Wingu langu jekundu, lile lililojificha kusini ya mkia wa nyota za Nge, na mikunjo yake yote kama kitenge kilicholowa maji. Chini, herufi nyeupe: Picha na Frednand Nyandwi, Mkuu wa Mradi.

Dada wa ofisini akaniambia huyo ni kijana wetu wa hapa hapa, ametutoa kimasomaso. Nikasema hongera zake. Nikachukua karatasi yangu nikatoka. Kutoka mjini mpaka Keza juu ya bodaboda sikuona kilima wala mgomba.

Frednand! Tulisoma fizikia darasa moja. Tukaletwa wote wawili kwenye kilima hiki kuanzisha kituo cha kupiga picha za anga, kwa sababu huku giza bado ni giza. Tukasukuma pamoja lile paa la bati kwenye reli zake mpaka viganja vikachubuka. Leo yeye yuko Mwanza kwenye kiti cha kuzunguka, mimi niko hapa na darubini na mlinzi.

Nebula ile, wingu la gesi kati ya nyota, ni hafifu mno. Usiku mzima ukiacha kamera inywe mwanga, asubuhi unaambulia ukungu tu. Unarudi kesho, unajumlisha. Kesho kutwa, unajumlisha. Kiangazi chote cha mwaka jana niliila hiyo baridi. Na baba alikata roho hospitali nikiwa hapa juu, simu nimeizima isije ikamwaga mwanga chumbani. Asubuhi niliteremka na picha safi kuliko zote nilizowahi kupata, nikamkuta mama amekaa chini, khanga kichwani.

Frednand alikuja msibani. Alibeba jeneza, upande wa mbele. Alikula maharage ya mama. Na picha alikuwa ameshaituma kwa wafadhili kwa jina lake, tarehe iko bangoni!

Sitalia. Nimeshalia mwaka jana.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia. Nilitaka nimsikie akijiumauma. Wapi! Sauti laini kama siagi. Eti picha ni mali ya kituo, Claudia, tusiangalie majina, tuangalie mradi. Nikamwuliza mbona jina lililopo ni lake basi, kama hatuangalii majina. Akasema mtandao unasumbua.

Nikamkumbusha na ile safari ya mkutano wa Nairobi, aliyokwenda yeye. Kikaoni alisema nisipelekwe, karatasi za akina Claudia zina utata, tusije tukakwama mpakani. Karatasi zetu! Mimi nimezaliwa Ntobeye. Baba aliingia nchi hii kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake mwaka sabini na mbili, akalima, akalipa kodi, akapewa uraia wake kwa mkono wa serikali. Utata upo wapi? Utata upo kwenye jina letu, Ntirampeba, basi. Angesema hivyo.

Akahamia jingine — wageni wanakuja katikati ya Agosti, wafadhili, na mtaalamu mmoja mama kutoka Afrika Kusini. Anataka kitu kipya. "Nitafutie kitu cha kuwashtua, Claudia. Wewe una jicho."

Nina jicho. Ndiyo.

Nimemwambia nitatafuta.

Jumatatu, 21 Julai

Wanachoma nyasi upande wa bondeni. Moshi umelala juu ya migomba, harufu imeingia mpaka kwenye blanketi. Mzee Idefonsi, mlinzi wetu, amekuja kuniuliza kama darubini itaona. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ndoo. Kasema moshi ukipanda hivi hukaa kidogo tu, upepo wa Burundi utausukuma. Kisha akanitazama. "Mwarimu," ndivyo anavyoniita, "siku hizi unasaga meno." Nikamwambia ni vumbi.

Na ni vumbi kweli! Hapo ndipo lilipokuja. Nilikuwa nasafisha filta ya bluu, kale kakioo kanakochuja mwanga kabla haujafika kwenye kamera. Chembe moja ya vumbi imekaa pembeni. Mtu asiyejua kazi hii hataelewa, ila hapa naandika kwa ajili yangu mwenyewe: kila asubuhi tunafunika mdomo wa darubini kwa shuka jeupe, tunapiga picha ya shuka. Picha hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta uchafu uko wapi, iufute kwenye picha za usiku. Sasa — kama chembe ilikuwepo wakati wa shuka, lakini haikuwepo usiku? Kompyuta itafuta kivuli ambacho hakipo. Itang'arisha mahali ambapo hapakuwa na giza. Itachora pete. Pete laini, hafifu, ya duara, inayoelea kati ya nyota kama povu la sabuni.

Kama nebula. Kama nyota iliyokufa ikamwaga pumzi yake.

Watu wazima na shahada zao wameshanaswa na pete za namna hii. Mwenye akili huomba picha mbichi, ambazo kompyuta haijazigusa, au hupiga tena siku nyingine. Zamani Frednand angeziomba. Siku hizi ana haraka.

Sijafanya kitu bado. Nimeifunika filta na kitambaa, na chembe yake juu yake. Kama yai.

Ijumaa, 25 Julai

Nimefanya.

Upepo ulisafisha anga kama Mzee alivyosema. Nilipiga shuka na chembe ikiwepo. Kisha nikaipuliza, ikaenda zake. Kisha nikageuza darubini kule kusini kusikokuwa na kitu, mahali patupu, peusi tii, nikaacha kamera inywe.

Leo asubuhi nimeunganisha. Ego Mana, Mungu wangu! Ni nzuri. Sikutegemea iwe nzuri. Pete ya bluu, upande mmoja imekolea kidogo, ndani yake nyota ndogo imekaa kwa bahati karibu na katikati. Ningekuwa sijui, ningepiga magoti.

Sikumwandikia Frednand lolote kuhusu pete. Nimetuma picha iliyokwisha kusafishwa, na maneno matatu: "Eneo jipya. Angalia." Mbichi ninazo mimi. Na nimepiga vilevile kipande kingine cha anga kabisa, mbali, kwa shuka lile lile — na pete ipo pale pale, kona ile ile! Hiyo ndiyo kamba ya kumnyongea. Siku atakapoitangaza nitasimama mbele ya wageni, nitaziweka picha mbili ukutani, nitauliza kwa adabu: bosi, nebula yako inatembea?

Nimelala usingizi mzito mpaka saa nane mchana. Tangu baba afe sijalala hivyo.

Jumapili, 27 Julai

Ntobeye kwa mama. Misa, halafu ndizi na maharage. Mama amekonda. Anaongea na baba bado, nilimsikia jikoni akimwuliza chumvi iko wapi.

Kaniuliza kama nimeonana na yule kijana aliyebeba jeneza, Frednand, mwenye heshima. Nikamwongezea maharage. Sijamwambia habari ya bango. Angefanya nini nayo?

Alasiri tulikwenda kung'oa majani kaburini. Mama akawa anasimulia tena, bila mimi kumwuliza. Mwaka ule wa operesheni ya kuwafukuza wahamiaji haramu, baba alilala migombani wiki nzima, cheti cha uraia kakifunga kwenye mfuko wa nailoni kifuani. Cheti anacho, na bado kalala nje! Nikamwambia mama, alikuwa na haki ya kulala kitandani. Mama akacheka kidogo. "Haki ilikuwepo, mwananje, mwanangu. Usingizi ndio haukuwepo."

Kasema baba alikuwa akilala chali huko migombani anazitazama nyota, na alirudi akasema kitu kimoja tu: zile haziulizi mtu ametoka wapi.

Nimerudi Keza nimekasirika upya. Kwa ajili ya baba pia sasa. Frednand alikuwa anajua habari ya migombani, nilimsimulia mwenyewe, na bado akasimama kikaoni akasema utata.

Jumatano, 30 Julai

AMEMEZA! Na ndoano, na uzi!

Kapiga asubuhi, sauti inatetemeka. "Claudia, umeiona?" Nikauliza kuona nini. Nikajifanya mjinga, nikapiga mwayo kabisa. Akasema kuna duara, kona ya juu, duara! Amekesha nalo. Ametafuta kwenye orodha zote, halimo. Nikasema mh, mimi sikuangalia kona. Akacheka kama enzi za chuo, kile kicheko chake cha kukohoa. Nilikuwa nimekisahau.

Halafu kauliza: "Filta ulisafisha?"

"Nilisafisha."

Si uongo! Nilisafisha. Hakuuliza lini.

Akataka nirudie kupiga. Nikasema moshi umerudi. Akasema basi, inatosha, atatangaza wageni wakifika, hapa hapa Keza, uwanja wa shule, mbele ya watu. Mama wa Afrika Kusini atakuwepo. Nikasema vizuri sana bosi.

Nimezima simu nimecheka peke yangu mpaka Mzee Idefonsi akachungulia. Kaniuliza ni habari njema? Nikamwambia ni njema, Mzee. Ya nani, akauliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Maandalizi. Wanafunzi wanafyeka uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji amekuja mara kwa mara kuuliza wageni wanakula nini. Turubai litatoka Kabanga, kwa mtu anayekodisha ya harusi.

Picha zangu mbili ziko tayari kwenye laptop. Nimezipanga zifuatane. Nimefanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo. Nataka sauti ya chini. Mtu anayepiga kelele huonekana ana wivu. Anayenong'ona huonekana ana ushahidi.

Ninawaza uso wake. Masikio yataanza, yeye huwa anaiva masikio kwanza.

Alhamisi, 14 Agosti

Teddy wa ofisi ya Mwanza kapiga kuthibitisha chakula. Kaniambia nimlete mama yangu Jumamosi, Frednand ametoa gari kumfuata Ntobeye. Kwa nini? Akacheka. "Wewe mlete tu, dada. Na uje na leso."

Anataka nini na mama? Apige naye picha? Mjane na mkuu wa mradi, waiweke kwenye bango lingine!

Vizuri. Mama naye ashuhudie. Ajue aliyekula maharage yake ni mtu wa namna gani.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike taratibu.

Watu walijaa. Mama alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, mikono mapajani kama yuko kanisani. Mimi pembeni yake, laptop magotini, imewashwa.

Frednand akasimama. Amenenepa. Akawaamkia wazee shikamoo zote zinazostahili. Halafu akasema kabla ya kuonyesha jambo lolote, ana neno. Masikio yakaiva. Nikafikiri, mbona mapema?

Akasema: "Lile bango mnalolijua, picha ile si yangu. Ni ya Claudia Ntirampeba. Aliipiga usiku ambao baba yake anafariki. Mimi niliweka jina langu. Na nilisema maneno kikaoni juu ya karatasi zao, maneno ya kijinga, ili niende mimi. Nilibeba jeneza la mzee nikiwa najua. Sijapata amani."

Mtoto mmoja analia nyuma. Mama akanigeukia: ni kweli? Mimi nikaangalia laptop.

Kisha wakarusha picha kwenye shuka lililotundikwa chini ya turubai. Pete. Kubwa kuliko mlango wa darasa, ya bluu, inaelea. Watu wakasema aaah! Frednand akasema hili ni wingu jipya, halijawahi kuandikwa popote, aliyelipiga ni Claudia, na yeye kama mkuu wa mradi amependekeza liitwe Ntirampeba. "Kwa heshima ya Mzee Evaristi Ntirampeba wa Ntobeye."

Mama alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akaitazama ile pete, mdomo wazi. Akauliza kwa sauti, watu wote wakisikia: "Hilo ni jina la mume wangu? Limeandikwa huko?"

Frednand akasema ndiyo mama.

Akasema: "Hapa chini walimwuliza vibali mpaka anakufa. Huko juu nani atamwuliza?"

Vigelegele! Wazee wetu, wale waliokuja miaka ile kwa miguu, akina mzee Niyibizi, walikuwa wanalia bila kujifuta. Mama akaanza wimbo wa Kirundi, wakampokea.

Na mimi nimekaa. Kamba iko magotini mwangu, imewashwa, picha mbili zimepangwa zifuatane. Kidole kiko pale. Nikamwangalia mama. Nikafunga laptop.

Mama wa Afrika Kusini akanishika mikono yote miwili. Kanipongeza. Kasema wao huko kwao wana darubini kubwa, watapiga mahali pale pale usiku wa leo au kesho, kuthibitisha. Anatabasamu. Mtu mwema.

Hata kisasi changu Frednand amekiiba! Kakichukua kikiwa cha moto mkononi mwangu, akakifunga kwa karatasi ya zawadi, akanirudishia mbele ya mama. Nimchukie vipi sasa? Na bado namchukia! Angekaa na uovu wake mwezi mmoja tu zaidi. Mtu hawezi hata kumtegemea mwizi abaki mwizi.

Lile wingu likifutwa, litakalofutwa si Nyandwi. Litafutwa jina la baba. Watasema Ntirampeba alikuwa vumbi. Na aliyeweka vumbi ni mtoto wake.

Jumapili, 17 Agosti

Kengele za misa zimesikika mpaka huku juu. Sikwenda. Mama aliomba misa ya shukrani, paroko kalitaja jina altareni. Hayo kanisimulia Mzee Idefonsi, yeye alikuwepo. Kasema mwarimu, hata sisi Wahangaza, wenyeji wa hapa, tulipiga makofi.

Ujumbe wa Teddy: huko kusini kulikuwa na mawingu, hawakupiga. Watapiga leo.

Alasiri. Wamekuja. Mama, mzee Niyibizi na fimbo yake, wamama wa jumuiya, wengine siwajui, wamepanda kilima kwa miguu kutoka barabarani. Wanataka kuona. Nimewaambia haionekani kwa macho, hata kwa darubini haionekani, ni hafifu mno. Mzee Niyibizi kasema haidhuru, waonyeshwe upande tu. Watasimama wakiutazama huo upande.

Wamekaa kwenye nyasi nje ya kituo wanasubiri jua lizame. Wamekuja na pombe ya ndizi kwenye dumu, wanapitishiana mrija. Mama amekaa katikati, mgongo umenyooka. Sijamwona na mgongo huo tangu nikiwa mdogo.

Frednand naye kaja, peke yake, gari kaliacha chini. Namsikia kupitia mbao. Mama anampa mrija. Anamwita mwanangu.

Nimejifungia chumba cha kompyuta. Nimewaambia natayarisha. Natayarisha nini? Picha mbichi ziko mbele yangu. Nikizifuta, huko kusini bado watapiga, na wataona mahali patupu. Nikisema leo, mama atateremka kilima hiki usiku akiwa mjane wa vumbi. Nikinyamaza, atasikia kesho kwa redio, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mama anaita. "Claudia! Njoo uwaonyeshe, giza linaingia." Nimesema nakuja.

Nawaza watu wote ninaowajua duniani. Nani anajua kazi hii kiasi cha kunielewa nikisema shuka, chembe, filta? Nani anajua kukaa mwaka mzima na jambo la namna hii tumboni, na kubeba jeneza nalo? Mmoja tu. Mungu wangu, mmoja tu!

Frednand anabisha hodi. Anauliza kama nahitaji msaada wa kufungua paa.

Nimewasha picha mbili, zikifuatana. Nimemwambia aingie, na afunge mlango.

Ameufunga. Amesimama nyuma yangu, anaangalia. Ameweka kidole kwenye kona ya picha ya kwanza, kisha ya pili. Masikio yake —